Taa ya Bluu Ingoje Zamu Yake

Jumatano, 12 Machi

Debra, binti wa dada yangu Phoebe, amenipa kitabu hiki nichore waya. Anasema kazi ikiharibika tutajua ilianzia wapi. Nimemwambia waya zote za jiji hili ziko kichwani mwangu, na kazi ya Obuya haiharibiki. Mimi ndiye niliyeweka taa kwenye ile nganya, matatu ya madoido, iliyopita Muthurwa jioni moja ikang'aa mpaka jogoo wote wa sokoni wakawika, wakidhani kumekucha. Makanga wake aliacha kuita abiria. Walikuja wenyewe kama kumbikumbi. Hayakuandikwa gazetini kwa sababu waandishi walikuwa wamefumba macho.

Kwa hivyo waya sichori. Nitaandika mambo yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Jua kali. Niseme kazi yenyewe.

Debra alisomea sanaa, akamaliza, akaishia kuchora kadi za harusi kwenye duka la uchapishaji hapa River Road, ghorofa ya juu ya karakana yangu. Miaka mitatu ya maua na njiwa. Sasa amepewa ukuta. Ukuta wa kweli, mweupe, kwenye baraza la jengo jipya kule Hurlingham, barabara ya Argwings Kodhek. Anataka kuweka kitu kinachosogea na kuwaka taa, kikiendeshwa na maji ya mvua. Meneja wa jengo, kijana anaitwa Jeremy, amekubali kwa shingo upande. Mwenye jengo atakuja mwisho wa Mei. Akipenda, kitabaki na jina la Debra litachongwa ukutani. Asipopenda, Jeremy ataweka skrini ya matangazo, na Debra atarudi kwa njiwa.

"Anko, sitaki mota," akaniambia. "Maji yatoke kwenye gata, ule mfereji wa paa, yazungushe gurudumu."

"Na jua likiwaka?"

"Italala."

"Kazi gani hiyo ya kulala kama mwalimu wakati wa likizo?"

Hakucheka. Huyu mtoto alibembelezwa sana. Nikamwambia nitamsaidia, maana bila mimi atatundika baiskeli ukutani na watu watauliza mwenyewe yuko wapi.

Alhamisi, 20 Machi

Jua. Kiarie wa rangi amenidharau mbele ya wateja, eti nimeacha nganya nikaanza kucheza na mikebe. Nimemjibu vizuri. Siandiki nilichosema kwa sababu Phoebe ni mtu wa kanisa na anaweza kusoma.

Jumapili, 23 Machi

Mvua ya kwanza, usiku. Bati la nyumba yangu Kawangware lilipiga ngoma mpaka asubuhi.

Jumamosi, 29 Machi

Kitu cha Debra kimesimama. Niko nacho hapa karakanani na bomba la maji juu yake badala ya mvua. Kipo hivi: gurudumu la baiskeli nimelizungushia mikebe ya maziwa ya unga. Maji yakijaa mkebe, gurudumu linazunguka, linachota gololi ya chuma chini na kuipandisha juu. Gololi nilizitoa kwenye beringi ya lori. Ikifika juu inaangukia ubao mpana uliopigwa misumari, inagonga huku, inagonga kule, hata mimi niliyeipiga misumari siwezi kukuambia itaelekea wapi. Chini ya misumari kuna vikombe kumi na viwili vya bati. Gololi ikipita kwenye kikombe inaunganisha waya mbili na taa inawaka nyuma ya kioo cha rangi. Vipande vya vioo vya pembeni vya magari vinaning'inia mbele na kurusha rangi hiyo ukutani. Umeme ni wa betri ya lori, na juu ya paa kutakuwa na kipande cha sola cha kuichaji.

Nimekitia maji kwa mara ya kwanza. Taa nyekundu iliwaka mara nyingi kama mtu mwenye kwikwi. Ya kijani ikawaka mara moja. Ya bluu haikuwaka kabisa.

Debra akaketi juu ya tairi, akashika tama.

"Hii ni fujo tu," akasema.

"Si ulitaka bahati? Hiyo ndiyo bahati. Mwenye nacho anaongezewa."

"Sitaki bahati ya namna hiyo."

"Basi niachie. Nitaipanga kama nganya: nyekundu, njano, kijani, bluu, ziende zikirudi, fyuu, fyuu. Watu wataacha njia zao."

"Anko, ukiipanga hivyo, mtu akiiona mara mbili ameimaliza."

Tumegombana mpaka chai ikapoa. Nimemwambia hajui anachotaka. Ameniambia nami najua kitu kimoja tu, tangu kabla hajazaliwa. Mdomo huo ameutoa wapi?

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Hatusemezani.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Hatusemezani. Amepita na mwavuli wangu.

Jumapili, 6 Aprili

Leo nimepata jibu, na nimelipata mimi.

Chama cha Phoebe kilikutana kwake Kawangware. Ni chama cha vyombo: kila mwezi mmoja wao ananunuliwa sufuria, sahani, blanketi, vitu kama hivyo. Wako kumi na wawili. Niliingia kwa sababu ya chapati. Debra alikuwa jikoni akizisukuma bila kunitazama.

Kila mama ana kifuniko chake cha soda chenye alama. Vifuniko vinatiwa kwenye sufuria, vinatikiswa, mtoto mdogo kabisa nyumbani anachota kimoja. Mwenye kifuniko hicho ndiye wa mwezi huo, na kifuniko chake hakirudi sufuriani mpaka wote wapate. Leo kilitoka cha Mama Oduor, akapiga vigelegele, akacheza mpaka kwenye mlango wa jirani. Wakabaki wanne tu, na mmoja wao ni Nzisa, anayeuza mboga pale kona.

Nikamchokoza. "Nzisa, wewe umesahaulika. Mwaka unaisha ukipikia kwenye mkebe."

"Nisahaulike vipi, shemeji?" akasema, na wala hakuacha kutafuna. "Kifuniko changu kiko ndani. Kilicho ndani kitatoka."

"Lini?"

"Hiyo ulize sufuria."

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilisimama na chapati mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa peke yake barabarani. Nikaenda jikoni.

"Debra. Gololi isipite kwenye kikombe. Ikae humo."

Akageuka na unga mpaka kwenye nyusi.

"Ikae," nikasema, "na taa yake ikae imewaka. Gololi nyingine ikija hapo ikute pamejaa, ipite, irudi chini ikajaribu tena. Hakuna taa itakayopata mara mbili kabla zote hazijapata."

"Na zote zikijaa?"

"Vikombe vyote viwe kwenye ubao mmoja unaopinduka. Wa mwisho akiingia, uzito unauangusha, gololi zote zinamwagika, giza, tunaanza upya."

Aliniwekea chapati nyingine kwenye sahani, ile ya juu iliyo laini, akaenda kutafuta kalamu. Tukachora kwenye mfuko wa unga mpaka chama kikaisha.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua nzuri. Upande wa pili wa ubao unaopinduka nimefunga spana kubwa ya kusawazisha uzito. Debra ameitafutia mahali pake kwa kuisogeza kidogo kidogo, ulimi nje. Ana mkono thabiti, lazima niseme. Amerithi upande wetu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Phoebe amenishurutisha kwenda kanisani. Nimeombea spana.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumekitundika Hurlingham. Soja wa mlangoni, Nthiwa, alitushikia ngazi na kutuuliza kama ni mtambo wa kusaga. Kesho Jeremy anakuja kukiona. Debra ameenda nyumbani. Mimi nimebaki nikipe heshima kidogo. Hakuna kazi iliyotoka mkononi mwangu bila kung'aa, na sitaanza sasa.

Ijumaa, 25 Aprili

Sina hamu ya kuandika lakini nitaandika.

Jana nilichukua kwa Kiarie kopo la klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi tunayopuliza kwenye nganya ili ing'ae kama imelambwa na ng'ombe. Nikapuliza kila kitu. Gurudumu, misumari, ubao, na vikombe, ndani na nje. Kilimetameta mpaka Nthiwa akachania nywele hapo.

Jeremy akaja saa tano, viatu vimechongoka, simu mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha inavyotakiwa. Gurudumu likazunguka. Gololi ikapanda, ikashuka, tak, tak, tak, ikaingia kwenye kikombe. Taa haikuwaka. Ya pili ikaingia. Giza. Zikaingia zote, moja moja, tumesimama tunatazama chuma kikiingia kwenye bati, halafu ubao ukapinduka kwa kishindo na gololi zikamwagika kama mtu ameangusha kabati la vyombo.

"Sawa," akasema Jeremy. "Kwa hivyo ni ya kupiga kelele."

"Si hivyo," Debra akasema. "Jana ilikuwa inawaka."

"Mama Muchiri mwenye jengo anakuja tarehe ishirini na tatu Mei. Nisaidie nikusaidie, Debra. Weka mota, panga taa zifuatane, na bluu iwe ya kwanza, ndiyo rangi ya jengo. Hata nitakutafutia mota mimi mwenyewe. La sivyo, skrini iko tayari kwenye stoo."

Akaondoka. Debra akaingiza kidole kwenye kikombe, akakikwaruza kwa ukucha, akanitazama.

"Anko, umepiga klia?"

Klia haipitishi umeme. Ningeweza kumwambia Nthiwa aligusa kitu, au unyevu, au wivu wa Kiarie. Nilikuwa na hadithi tatu nzuri, moja ina mjusi. Lakini alikuwa ananitazama na macho ya Phoebe.

"Nimepiga," nikasema. "Na klia yenyewe ilikaa vizuri sana. Haina hata tone lililochuruzika."

Nilidhani atalia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanipa msasa, naye akachukua wa kwake, tukasugua vikombe mpaka vidole vikafa ganzi. Kabla ya giza kuingia taa zikawaka. Namshukuru kwa kucheka. Hapa ndipo pekee nilipoliandika hilo, na Phoebe akisoma akae nalo.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi.

Ijumaa, 9 Mei

Jeremy ameleta mota. Debra ameipokea. Ameipokea! Kwa mikono miwili, akasema ahsante, akaitia kwenye mkoba.

Nimerudi River Road na hasira ya kutosha kuchomelea bila stima. Nilijua. Ukimbembeleza mtoto na vyuo, akiona sahani anakaa mezani kwa yeyote. Nikampigia Phoebe.

"Mtoto ana miaka mitatu akichora njiwa," Phoebe akasema. "Akiweka mota utakufa?"

"Nitakufa."

"Basi tutakuzika, Obuya. Lakini muulize kwanza."

Sikumuuliza.

Jumatano, 14 Mei

Leo ni siku ya kuandikwa kwa herufi kubwa.

Saa kumi mbingu zilishuka. Barabara ya Argwings Kodhek ikawa mto, na mimi nimeona mito: nilipokuwa kijana kule nyumbani mafuriko yalibeba ng'ombe wetu na kumrudisha kesho yake akiwa na ndama. Maji ya leo yalikuwa ya aina hiyo. Watu wakakimbilia baraza letu: makarani, wanafunzi, mama wa mahindi na jiko lake, mabwana wawili wenye suti. Halafu stima ikapotea. Madirisha yote ya mtaa yakafa.

Kikabaki kitu chetu peke yake.

Gata ilikuwa imejaa, gurudumu linakwenda kama limeitwa. Nyekundu ikawaka, vioo vikairusha ukutani na usoni mwa watu. Zambarau. Halafu njano. Mama wa mahindi akawa wa kwanza kuelewa.

"Ile ya kijani ni yangu!" akasema. "Mniache na kijani yangu."

"Mimi ile ya chungwa," karani mmoja akadakia.

"Chungwa nimeichukua mimi tangu zamani!"

"Umeichukua kwa nani? Keti chini."

Kila gololi iliyopanda walikuwa wanaisindikiza kwa sauti. Ikigonga msumari na kugeuka, mabaraza yote ya mtaa yalisikia. Ya kijani ilipowaka, mama wa mahindi alimkumbatia mmoja wa wale wenye suti, na suti ikapata masizi, na mwenyewe hakujali. Wa mwisho alikuwa Nthiwa na nyeupe yake. Ilipoingia, ubao ukapinduka, giza, wakapiga makofi, wakaanza kuchagua upya.

Jeremy alishuka akakuta mlango umezibwa.

"Hili si jengo la mikutano," akamwambia Debra. "Mota iko wapi? Zimebaki siku chache."

Debra akaufungua mkoba, akamtolea mota yake ikiwa bado kwenye karatasi.

"Nilikuwa naibeba nikifikiria," akasema. "Nimemaliza kufikiria."

"Na Mama akisema itoke?"

"Nitaitoa mwenyewe. Lakini nitakayoitoa ni hii. Sitabaki na jina langu chini ya kitu kingine."

Akarudi kutazama gololi. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia Jeremy na nikayameza yote, kwa sababu Debra alikuwa ameshayamaliza.

Anayesema mtoto huyu alibembelezwa aje tuonane.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua nyepesi. Kiarie amekuja Hurlingham, akajifanya anapita. Alichagua zambarau. Alikaa mpaka ikawaka.

Ijumaa, 23 Mei

Mama Muchiri ni mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani na sweta la kufumwa kwa mkono, na gari lake lilitoka Lavington polepole kama linapeleka mayai. Nilitarajia kizungu. Akatusalimia wote kwa mkono, hadi Nthiwa, akaomba kiti cha plastiki, akaketi mbele ya ukuta.

Mvua ilikuwa inanyesha, ya wastani.

"Hebu nielezeni," akasema.

Debra akaeleza, maneno machache, sauti kavu. Mvua inazungusha. Misumari haina upendeleo. Ukishapata unangoja wenzako.

"Kama chama," Mama akasema.

"Ni chama, Mama," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Jengo langu ni la bluu. Nachukua bluu."

Jeremy akatabasamu kwa mbali. Nyekundu ikawaka. Nyeupe. Kijani. Gololi moja ikaenda moja kwa moja kuelekea bluu, Mama akainuka nusu, ikagonga msumari wa mwisho na kuingia kwenye njano. Akaketi. Nusu saa tukawa hivyo. Zikawaka zote ila bluu. Kila gololi iliyokuja ilikuta wenzake wamekaa, ikapita, ikarudi chini. Na mvua ikawa inapungua. Nilisikia kwenye bati. Maji kwenye bomba yakawa uzi, uzi ukawa matone. Gurudumu likapandisha gololi moja ya mwisho, likaifikisha karibu na ukingo wa juu kabisa, likasimama.

Taa kumi na moja ukutani na shimo moja la giza.

Debra alifumba macho. Mimi nilifikiria jinsi tutakavyokishusha, gurudumu kwanza.

"Samahani, Mama," Jeremy akasema, akanyoosha mkono kulisukuma gurudumu. "Ni kidogo tu."

"Jeremy! Toa mkono!"

Hata mimi niliutoa wangu, nao ulikuwa mfukoni.

"Hawa wengine walisukumiwa?" Mama akamuuliza.

"Hapana, lakini—"

"Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye chama chetu kule Dagoretti. Wa mwisho kabisa. Waliotangulia walinicheka mwaka mzima. Kuna mmoja alitaka kunipa zamu yake kwa huruma, nikakataa, na mpaka leo hatuongei vizuri." Akainuka, akakaza kitambaa chake. "Hiyo skrini ikae huko stoo. Hakuna mtu atakayegusa kitu hiki mpaka yangu iwake yenyewe."

"Mvua ya masika inaisha, Mama," Jeremy akasema. "Inaweza kuwa Oktoba."

"Kwani mimi naenda wapi?"

Akamgeukia Debra. "Jina lako lichongwe kabla ya hapo. Andika lote, na la baba."

"La mama," Debra akasema. "Debra Phoebe."

"La mama basi."

Alhamisi, 5 Juni

Jua. Bluu bado. Jina limechongwa. Phoebe amekuja na chama kizima kulitazama, wakaimba mpaka Jeremy akafunga dirisha. Nzisa alikuja na sufuria mpya kichwani, makusudi, anionyeshe.

Alhamisi, 12 Juni

Nthiwa amemkamata Jeremy na mpira wa maji wa kumwagilia maua, ameuelekeza kwenye gata. Jeremy alisema anasafisha. Nthiwa akamwambia, "Bosi, safisha maua." Nimempa Nthiwa mkono.

Ijumaa, 27 Juni

Baridi. Bluu bado. Wapita njia wanaitazama kila asubuhi. Mama wa mahindi ananiambia habari zake kama za mgonjwa.

Jumanne, 8 Julai

Kumenyunyiza kidogo alfajiri. Nimefika mapema, barazani hapakuwa na mtu. Gurudumu lilikuwa limesogea upana wa kidole. Gololi sasa iko ukingoni hasa, inang'aa, imeniangalia. Pumzi tu ingetosha. Na mimi nina mapafu: niliwahi kuzima moto wa kibanda cha chips kwa kupuliza, mashahidi wapo.

Nimerudi nyuma hatua kadhaa. Nimepumua kupitia puani.

Jeremy akaja na kikombe cha chai, akasimama kando yangu, tukatazama wote. Siku hizi na yeye anasimama.

"Fundi, niambie ukweli. Wewe uliyeitengeneza. Itawaka lini?"

Tangu nizaliwe sijaulizwa swali nikakosa jibu. Nimewajibu maaskofu. Nimewajibu polisi wa trafiki. Na pale, kwenye baridi, mbele ya kazi ya mpwa wangu, nimejaza kifua nikamjibu, na nililisema kwa nguvu hivi kwamba watu ng'ambo ya Argwings Kodhek waligeuka.

"Sijui!"